Vibali, mmomonyoko na maji ya mvua: maswali wanayouliza wajenzi wa Dar es Salaam

Maswali haya hujirudia kila mwaka kuanzia Februari, watu wanapokimbizana kumaliza msingi kabla ya masika. Mei yanarudi kwa sauti ya juu zaidi, msingi ukiwa umeshasombwa au jirani ameshafika serikali ya mtaa. Majibu yanahusu Mkoa wa Dar es Salaam. Ada hazikutajwa kwa makusudi: hubadilika, na kila halmashauri ina sheria ndogo zake. Ziulizie kabla ya kupanga bajeti.

Kuna kibali kinachoitwa "kibali cha kuzuia mmomonyoko"?

Hutakikuta dirishani. Wapo waliosoma habari za miji ya ughaibuni ambako karatasi hiyo ipo, wakaenda manispaa kuiulizia, wakaambiwa haipo, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba basi maji yao hayamhusu mtu. Kwetu jambo hilohilo limegawanywa katika milango minne. Wa kwanza ni kibali cha ujenzi cha halmashauri. Wa pili ni cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira kutoka NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa miradi inayoangukia humo. Wa tatu ni ruhusa ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa chochote kinachogusa mto au mkondo. Wa nne ni ruhusa ya wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kwa kinachogusa mtaro au hifadhi ya barabara. Nyumba ya kawaida Tabata au Kibada mara nyingi hupita mlango wa kwanza tu. Mradi wa nyumba nyingi za kuuza kule Bunju unaweza kupita yote minne, na ukiruka mmoja, ndio huo utakaokusimamisha.

Nikiambiwa "nenda jiji", niende wapi?

Nenda kwenye halmashauri yenye eneo lako. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilivunjwa, na hadhi ya jiji ikapewa iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kwa hiyo Upanga, Kariakoo, Buguruni, Ukonga na Kinyerezi ziko chini ya Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa, kila moja na idara zake za mipango miji, mazingira na uhandisi. Wakazi wa Goba ndio wanaopotea zaidi, kwa sababu zamani walikuwa Kinondoni na sasa wako Ubungo.

Najenga nyumba moja tu ya familia. Natakiwa kufanya nini kuhusu maji?

Omba kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba, na hakikisha ramani zako zinasema maji yataenda wapi. Maombi siku hizi hufanyika mtandaoni kupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, na malipo yote hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali. Utahitaji uthibitisho wa umiliki, ramani ya upimaji ya kiwanja na michoro ya jengo. Ukijenga ghorofa, msanifu, mhandisi na mkandarasi wawe wamesajiliwa na bodi zao, yaani AQRB, ERB na CRB.

Sasa tatizo lenyewe. Michoro mingi inayozunguka mjini imenakiliwa. Nyumba iliyochorwa kwa kiwanja cha tambarare cha Mbagala hupelekwa kama ilivyo kwenye mteremko wa Mbezi Msumi. Ukurasa wa kiwanja unaonyesha mstatili, nyumba katikati, shimo la maji taka nyuma, na mshale wa kaskazini. Mteremko haupo, mtaro haupo, maji yanayotoka kwa jirani wa juu hayapo. Afisa akiipitisha kwa bahati, wewe ndiye utakayeishi nayo.

Ramani ya kiwanja ionyeshe nini hasa?

Ionyeshe mteremko, ama kwa mistari ya mwinuko ama angalau kwa vipimo vya levo kwenye pembe nne na katikati. Mpima ardhi mwenye kifaa hachukui muda mrefu kupata hivyo vipimo, na hakuna fedha utakayoitumia vizuri zaidi ya hiyo kwenye mradi mzima.

Kisha ionyeshe maji yanaingilia wapi. Kiwanja cha Dar hakipokei mvua yake peke yake. Kinapokea na ya waliokaa juu yake. Simama kiwanjani siku ya mvua, au kama ni kiangazi, tafuta alama zilizobaki: michirizi kwenye mchanga, takataka zilizonasa kwenye mizizi, chini ya ukuta wa jirani palipoliwa. Mwulize pia mama anayeuza vitumbua pale kona, kwa kuwa yeye ameyaona maji yakipita miaka yote na hana sababu ya kukuuzia kiwanja.

Ionyeshe yanatokea wapi, na yakitoka yanaangukia nini. Mshale unaoishia kwenye ukuta wa jirani haujibu swali hilo. Ionyeshe usawa wa sakafu ukilinganishwa na barabara, ukikumbuka kwamba barabara ya vumbi mbele yako siku moja itawekwa lami na huenda ikapanda. Wengi wa Sinza na Kijitonyama leo wanashuka ngazi kuingia sebuleni kwa sababu hiyo. Mwisho, shimo la maji taka lisiwe kwenye njia ya maji ya mvua. Likijaa mvua, litatapika.

Bado sijajenga, nataka tu kusafisha kiwanja na kusawazisha kwa greda. Hilo nalo lataka kibali?

Usiingize greda kabla ya kibali. Kusawazisha ardhi ni sehemu ya uendelezaji, na ndiyo hatua yenye madhara makubwa kwa wengine. Nyumba ikishaezekwa, udongo wake umetulia. Kiwanja kilichofyekwa Machi na kuachwa hadi fedha ipatikane kinamwaga mchanga barabarani kila mvua, na mchanga huo hauna anayeudai.

Udongo wa sehemu kubwa ya Dar ni wa kichanga, hasa vilimani upande wa Pugu, Kinyerezi, Mbezi na Goba. Nyasi zikiwepo hunywa maji vizuri. Ukiondoa nyasi, matone ya mvua huvunja uso wake, chembe ndogo huziba matundu, maji hushindwa kuzama na kuanza kukimbia. Yakipata mteremko yanachimba mfereji mdogo, mfereji unakuwa korongo, na korongo likishafika nguzo ya umeme ndipo watu wanapiga picha. Greda huongeza tatizo kwa kushindilia tabaka la chini.

Ushauri: fyeka sehemu unayojenga mwezi huo tu. Acha ukanda wa nyasi wa mita mbili au tatu upande wa chini wa kiwanja hadi dakika ya mwisho. Ni bure, na unachuja tope kuliko vitu vingi vya kununua.

Kifusi je? Nimepata tipa la bei nafuu la kujazia bondeni.

Bei nafuu ina sababu. Kujaza bonde kunabadilisha njia ya maji, na maji uliyoyasukuma yataingia kwa mtu mwingine. Kwa kujaza kokote kunakopandisha usawa wa kiwanja juu ya majirani, ona mhandisi na afisa mazingira wa halmashauri kwanza. Kama ni kando ya mto, soma majibu mawili yanayofuata kabla hujalipa tipa la pili.

Hii habari ya mita 60 ina ukweli gani?

Ni sheria, na imeandikwa zaidi ya mara moja. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, kingo za mto, bwawa au hifadhi ya maji. Kabla yake, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikwisha kulitaja eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto au pwani miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari, pamoja na ardhioevu, mikoko na miteremko mikali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009 nayo inalinda kingo.

Kipimo huanzia ukingoni, si katikati ya maji. Na ukingo unahama. Msimbazi, Tegeta, Mbezi na Mpiji hula kingo zao kila masika, hasa pale mchanga unapochimbwa. Aliyeanza akiwa nje ya mita 60 anaweza kujikuta ndani bila kusogeza tofali. Kwa hiyo anayenunua kiwanja leo akiambiwa "hapa ni mita 61 kamili, nimepima mwenyewe" aage kwa heshima.

Hili halijabaki kwenye vitabu. Mafuriko ya Desemba 2011, mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliookolewa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Wengi walirudi Jangwani, jambo lisilomshangaza anayejua nauli ya Mabwepande hadi Kariakoo. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa ya bonde la Msimbazi, nyumba zikipigwa X nyekundu. Miaka ya karibuni umekuja Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na wakazi wa bondeni wakafidiwa na kuondoka.

Wapo wenye hati ndani ya maeneo ya namna hii. Kesi zao huwa ndefu na za kuchosha, na mimi sioni sababu ya mtu kununua kesi kwa bei ya kiwanja.

Kiwanjani kwangu hapapiti mto, ila kuna kakorongo ka msimu. Naweza kukazika au kukahamisha?

Usikaguse bila kuuliza. Kakorongo kasiko na maji miezi tisa ndiko kanakobeba maji ya mtaa mzima katika ile mitatu. Kugeuza, kuziba, kujengea juu au kuweka kalavati kwenye mkondo ni kazi ya kuombea ruhusa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo mito ya Dar es Salaam iko chini yake. Halmashauri yako itakuambia pia kama mkondo umo kwenye mchoro wa mipango miji kama njia ya maji. Kama umo, huna mjadala. Panga nyumba ukiupisha.

Kosa la kawaida ni kulaza mabomba mawili ya zege yenye upana wa kiuno, kufukia juu, na kuita hilo daraja. Yanapitisha maji ya mvua ya kawaida bila shida. Ikija mvua kubwa na chupa za plastiki, yanaziba, ukuta wako unageuka bwawa, na bwawa hilo likipasuka linaondoka na nyumba ya aliye chini.

Mchanga wa kujengea naweza kuchota mtoni hapo karibu?

Hapana. Kuchimba mchanga na madini mengine ya ujenzi kunataka leseni chini ya sheria ya madini, na kwenye mito ya jiji uchimbaji huo umepigwa marufuku mara nyingi. Ukinunua, nunua kwa mwenye risiti. Mchanga wa mtoni hapo Mpiji ulioletwa saa nane usiku bila taa una mwenyewe, na siku moja atakamatwa akiwa getini kwako.

Ni lini NEMC wanahusika?

Mradi ukizidi nyumba ya kawaida: nyumba nyingi za kuuza, majengo makubwa ya biashara, maghala, viwanda, vituo vya mafuta, hoteli za ufukweni, ukataji wa eneo kubwa kuwa viwanja. Kanuni za tathmini za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinapanga miradi katika makundi kulingana na ukubwa wa athari, kuanzia ile ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili hadi ile inayotosha maelezo mafupi. Unasajili mradi kwa mtandao, NEMC wanauweka kundi, na kazi inafanywa na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Si kazi ya mpwa wako aliyesoma jiografia.

Watu hufikiri cheti ndicho mwisho. Ndani ya ripoti kuna mpango wa usimamizi wa mazingira, nao unasema kwa jina nani atazuia mmomonyoko, kwa njia gani, na nani atakagua. Ukishapewa cheti, mpango huo unakubana kama mkataba. Wakaguzi wakija saiti huukamata huo, kisha huangalia kama mtaro uliouahidi ukurasa wa arobaini upo. Mara nyingi haupo, kwa sababu mkandarasi hakuwahi kuonyeshwa ripoti. Mpe nakala, na gharama ya hayo iandikwe kwenye orodha ya kazi na bei kama kipengele chake, maana kisicho na bei saiti hakifanyiki.

Saitini tufanye nini hasa mvua ikiwa inakaribia?

Kwanza kalenda. Vuli hunyesha takriban Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Kazi za kuchimba na kukata mteremko zipangwe Juni hadi Septemba. Fedha ikija Februari, jenga kuta kwenye msingi uliopo, usifungue ardhi mpya.

Pili, zuia maji ya watu wengine yasiingie. Chimba mfereji wa muda upande wa juu, uyapeleke pembeni mpaka kwenye njia yake halali. Maji yasiyopita kwenye udongo uliochimbwa yanatoka safi, huna haja ya kuyachuja. Hatua hii pekee hupunguza kazi nyingine zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu kila mtu anawaza maji yanayotoka.

Kisha upande wa chini. Weka kizuizi: viroba vilivyojazwa mchanga, au mawe yaliyopangwa, au kitambaa kinachochuja kilichofungwa kwenye miti na kufukiwa sentimita 15 hadi 20 chini, la sivyo maji yatapita chini yake yakikucheka. Kwenye pembe ya chini kabisa chimba shimo la kutuamisha tope, maji yatulie, mchanga ukae, ndipo yatoke. Shimo linajaa. Lichotwe kila baada ya mvua kubwa, na kilichochotwa kirudi kiwanjani badala ya kwenda mtaroni.

Marundo ya mchanga na kifusi yawe mbali na mtaro na yafunikwe turubai. Watu hulipia fuso la mchanga kisha wanaliacha barabarani, asubuhi nusu imekwenda. Ile nusu umeilipia wewe, na imeziba kalavati la watu wote. Kwenye lango mwaga mawe makubwa kiasi kwa urefu wa lori, matairi yadondoshe tope hapo kabla ya kutoka.

Miteremko iliyokatwa isilale uchi. Panda ukoka mara moja, au nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko, kwani mizizi yake hushuka chini sana na hushika udongo vizuri. Ikipandwa mwanzoni mwa mvua inashika bila kumwagiliwa. Zikiwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya mvua kubwa, vetiva haitawahi kushika, kwa hiyo funika kwa nyasi kavu au turubai.

Mbona tope kidogo tu linafanywa jambo kubwa?

Kwa sababu halibaki kwako. Mchanga unaotoka vilimani unatulia pale maji yanapopunguza mwendo, yaani kwenye mitaro ya tambarare, chini ya madaraja, na Jangwani. Mtaro wa kina cha mita moja uliojaa mchanga nusu umepoteza nusu ya kazi yake kabla tone la kwanza halijadondoka. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi kwa mafuriko, abiria wa mwendokasi wakishushwa Magomeni na kutafuta njia zao, na sehemu ya sababu ni mchanga ulioshuka kutoka juu na kuinua kitanda cha mto. Aliyefyeka Kinyerezi anachangia foleni ya Magomeni.

Naruhusiwa kutoboa mtaro wa barabara na kuingiza bomba langu?

Kwa ruhusa ya mwenye mtaro. Barabara za mitaa na za halmashauri ziko chini ya TARURA tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Andika barua, ambatanisha mchoro, watakuja kuona kama mtaro unabeba. Mitaro mingi mipya, ikiwemo ile ya DMDP, mradi wa uendelezaji wa Dar es Salaam, katika kata za Temeke, Ilala na Kinondoni, ilipigiwa hesabu ya maji ya mvua peke yake. Ukiingiza maji ya choo humo umetenda kosa la afya ya jamii, na harufu itakutaja.

Kinyume chake pia ni kosa: usiunganishe paa lako na bomba la maji taka la DAWASA. Mvua moja inatosha kulijaza na kulirudisha bafuni kwa jirani.

Nikitandika pevingi uani kote, maji si yatakuwa safi zaidi?

Safi, ndiyo, lakini mengi na ya haraka. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita za mraba 400 kilichofunikwa chote, mvua ya milimita 50 ikinyesha, kinapokea lita 20,000. Kikiwa na bustani nusu, sehemu nzuri ya hizo huzama. Kikiwa zege tupu, karibu zote zinatoka getini kwa pamoja.

Paa la mita za mraba 150 kwa mvua hiyohiyo linatoa lita 7,500. Tangi la lita 5,000 na shimo la kunyonya la kupokea ziada vinakuondolea karibu yote, na ukiwa mtaa wenye mgao wa maji unajua utayatumia wapi. Shimo la kunyonya lijazwe mawe, liwe mbali na msingi na shimo la maji taka, na lisichimbwe pale maji ya ardhini yalipo juu, kama sehemu nyingi za Msasani au Mikocheni. Huko halinyonyi kitu, lenyewe ndilo linalotoa maji.

Kiwanja changu Goba kina mteremko mkali. Ukuta wa kuzuia udongo ni lazima uchorwe na mhandisi?

Ukipita kimo cha kiuno, mimi sijengi bila mhandisi. Udongo mkavu unausukuma ukuta kwa nguvu fulani. Udongo uliolowa unausukuma kwa nguvu hiyo pamoja na uzito wa maji yaliyokwama nyuma yake. Kuta nyingi zinazoanguka mwezi Aprili hazikukosa nondo, zilikosa matundu. Weka matundu ya kutolea maji kila mita moja na nusu hivi, nyuma yake kokoto, na kitambaa cha kuchuja ili udongo usiyazibe. Fundi akikuambia matundu yanaharibu sura ya ukuta, mwulize ataishi chini yake nani. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ni nzuri kwa kuwa zinapitisha maji zenyewe. Ukuta wa matairi ya zamani unaweza kusaidia kwenye bustani ndogo. Kubebesha nyumba usithubutu.

Kiwanja hakijapimwa, nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu, ingawa njia yako ni ndefu. Sehemu kubwa ya Dar imejengwa hivyo. Kibali cha ujenzi kinataka umiliki unaotambulika, kwa hiyo anza na upimaji au ulizia kama mtaa wako uko kwenye urasimishaji. Na urasimishaji ukifika, simamia njia za maji zichorwe. Mara nyingi kamati za mtaa hupigania barabara ya kupita gari, kila mtu akitoa mita yake kwa manung'uniko, kisha mtaro unasahaulika, na barabara yenyewe inageuka mtaro.

Sheria ya mita 60 haiulizi kama umepimwa.

Jirani amejenga fensi imeziba njia ya maji, yananirudia mimi. Nifanyeje?

Mwone mwenyewe kwanza, mchana, siku isiyo na mvua. Wengi hawajui, hawakuwepo siku maji yalipopita. Tundu lenye nondo chini ya ukuta mara nyingi linatosha. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, uwe na picha zenye tarehe. Mhandisi au afisa mazingira wa halmashauri anaweza kuitwa akaandika taarifa, na hiyo taarifa ndiyo itakayokubeba mbele. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tope likimfikia mtu, nani anawajibika: mimi mwenye mali au mkandarasi?

Halmashauri humtafuta mwenye kibali, yaani wewe. Baada ya hapo mtajuana kwa mkataba wenu, kama mnao. Kwenye mkataba andika kwamba mkandarasi atazuia tope lisitoke, atasafisha mtaro uliochafuliwa na kazi yake, na malipo ya hatua yanaweza kuzuiliwa hadi afanye hivyo. Kwa fundi wa mkono kwa mkono bila mkataba, jibebe.

Wenzetu wa nje wanafanyaje?

Marekani, ambako hiyo karatasi tuliyoitaja mwanzo ipo, eneo la ujenzi linalofikia ekari moja huhitaji kibali cha maji ya mvua chini ya sheria yao ya maji safi, pamoja na mpango wa maandishi wa kuzuia tope na ukaguzi wa mara kwa mara. Faida yake ni kwamba maji yana faili lake. Hasara yake kwetu ingekuwa foleni ya tano. Kwa maoni yangu, ingetosha halmashauri zikikataa kupokea ramani yoyote isiyo na mteremko na mishale ya maji.

Nimeshaanza bila kibali na nimeandikiwa X. Kuna namna?

Simamisha kazi siku hiyo. Kuendelea baada ya zuio ni kosa la pili, na ndilo linalowakera zaidi. Nenda na michoro yako idara ya mipango miji ukaulize sababu iliyoandikwa. Kama ni kukosa kibali tu na eneo linafaa, kuna faini na utaratibu wa kuomba. Kama uko ndani ya njia ya maji au mita 60, usipoteze fedha kwa anayedai ana mtu ndani. NEMC wana uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, maana yake utabomoa na kurudisha ardhi ilivyokuwa kwa gharama yako.

Naona malori yanamwaga kifusi mtoni usiku. Niripoti wapi?

Kwa mtendaji wa mtaa au kata, na kwa afisa mazingira wa halmashauri. Kwa jambo kubwa, ofisi ya kanda ya NEMC au Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Piga picha ukiwa mahali salama, ionekane namba ya gari ikiwezekana, na uandike siku, saa na mahali. Usiwafuate mwenyewe dereva na utingo wake. Ripoti ikiwa ya maandishi na ina mhuri wa kupokelewa, nakala yake baki nayo, kwa sababu mvua itakaponyesha utaulizwa ulimwambia nani na lini.